Kabla Hujachimba Msingi: Ruhusa za Ujenzi kwa Mfugaji wa Isansa



Zamani boma la mfugaji lilikuwa miti, miiba na nyasi. Malisho yakiisha, familia inahama na boma linaachwa lioze. Leo mambo yamebadilika. Mwenye ng'ombe anauza wawili watatu, anapiga matofali, ananunua bati na saruji, anajenga nyumba ya kudumu na zizi lenye sakafu. Watoto wanasoma shule moja tangu darasa la kwanza mpaka la saba. Sisi maafisa ugani tunafurahia hali hiyo.

Lakini ng'ombe akishageuka tofali, haswagiki tena. Mwaka wa ukame mifugo unaweza kuihamisha. Ukuta utabaki hapo hapo ulipousimamisha. Ikigundulika kwamba umesimama kwenye malisho ya kijiji, kwenye hifadhi ya barabara au ukingoni mwa mto, utavunjwa, na mara nyingi utavunjwa bila fidia. Ng'ombe wale hawatarudi.

Kwa sababu hiyo kipeperushi hiki kinazungumzia jambo ambalo wengi hulidhani ni la watu wa mjini: ruhusa ya kujenga. Soma na mwenzi wako, na asiyejua kusoma asomewe na watoto.

Je, kijijini nako kuna kibali?

Swali hili tunaulizwa kila mara, na jibu lake linategemea mahali unapojenga.

Katika maeneo yaliyotangazwa kuwa maeneo ya mipango miji, Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inasema mtu haruhusiwi kuendeleza ardhi bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Tunduma, yenye Halmashauri ya Mji, iko katika kundi hilo. Huko kibali cha ujenzi ni karatasi kamili inayotolewa na halmashauri baada ya kukagua ramani ya nyumba yako.

Kwenye ardhi ya kijiji, ambako wengi wetu hapa Isansa tunaishi, kinachotangulia ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Sheria hiyo inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji wote, kama mdhamini anavyotunza mali ya wenzake. Aliyepewa haki ya kumiliki kwa kimila anabanwa na masharti, na sharti mojawapo ni hili: kama ujenzi unahitaji ruhusa, aiombe kwanza, na asisimamishe jengo mpaka aipate. Juu ya hapo zipo sheria ndogo za halmashauri ya wilaya na za kijiji chenyewe, ambazo hutofautiana kati ya mahali na mahali. Nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji uulize zinazokuhusu kabla fundi hajafika.

Angalizo: senta ndogo inayokua kando ya barabara inaweza kutangazwa kuwa eneo la mipango, nawe ukashtukia kwamba taratibu za mji zimekufuata kijijini. Kama mahali unapotaka kujenga pameshaanza kupimwa viwanja, uliza pia ofisi ya ardhi ya wilaya, Vwawa. Usitegemee maneno ya jirani aliyejenga miaka kumi iliyopita.

Ardhi kwanza, nyumba baadaye

Kijijini, ruhusa ya kujenga huanzia kwenye swali la ardhi: je, pale ni pako kweli?

Wafugaji wengi wamefika Mbozi kutoka mikoa mingine na kununua eneo kwa mtu mmoja mmoja. Mauziano yameandikwa kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili wametia saini au dole gumba, fedha zimelipwa. Karatasi ile si bure, itunze, ila haitoshi. Sheria inataka uhamisho wa haki ya kimila uidhinishwe na halmashauri ya kijiji. Muuzaji akifa, watoto wake wanaweza kuja kukuambia kwamba baba hakuuza bali alikukaribisha tu ulishe. Bila muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji utajibu nini?

Kama unaomba ardhi kwa kijiji chenyewe, tambua kwamba mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kukugawia, wala mtendaji. Maombi yanapelekwa kwa halmashauri ya kijiji, na halmashauri haigawi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkutano wa watu wazima wote wa kijiji kuanzia miaka 18. Sheria inaipa halmashauri siku 90 za kuamua maombi yako. Anayekuambia "nipe ng'ombe mmoja nikumalizie leo" anakuuzia kitu asichokuwa nacho.

Siku ya mkutano uwepo mwenyewe. Wenyeji waone sura yako, wajue mifugo yako ni mingapi na unataka kujenga nini. Mfugaji anayekaa mbali na mikutano ndiye anayezungumziwa vibaya siku mahindi ya mtu yanapoliwa. Kama umehamia karibuni, njoo na barua ya utambulisho ya kijiji ulikotoka pamoja na kibali ulichosafirishia mifugo.

Baada ya hapo omba Hati ya Haki Miliki ya Kimila. Eneo hupimwa mbele ya majirani, hati ikasainiwa na kijiji na kupigwa muhuri na afisa ardhi wa wilaya. Tunashauri majina ya mume na mke yaandikwe yote mawili. Mila ya kuinyima ardhi familia ya marehemu kwa sababu mjane ni mwanamke haina nguvu mbele ya sheria hii, lakini mjane mwenye jina lake kwenye hati hana haja ya kulumbana na shemeji.

Malisho si kiwanja

Hapa ndipo tunaomba usome polepole.

Kijiji chenye mpango wa matumizi bora ya ardhi kimetenga maeneo: ya makazi, ya kilimo, ya misitu, ya malisho, na njia za mifugo kwenda majini, josho na mnadani. Malisho yakishatengwa kuwa ardhi ya pamoja, hayagawiwi mtu binafsi. Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo Na. 13 ya mwaka 2010 nayo imekuja kuyalinda maeneo hayo. Wafugaji waliililia ulinzi huo kwa muda mrefu, kwa sababu kila msimu jembe husogea hatua chache kuingia majanini.

Sasa tazama linalotokea. Mfugaji anaanza na kibanda cha mchungaji ndani ya malisho. Mwaka unaofuata anaweka bati. Mwaka wa tatu anazungushia uzio na kupanda mahindi kidogo ya familia pale mbolea ilipolala. Jirani mkulima anaona, naye anasema: kama fulani amejenga na analima, kwa nini mimi nisilime? Kesi ikifika kwenye baraza la ardhi, wafugaji wanakosa la kusema, maana aliyefungua mlango ni wa kwao.

Nyumba moja ya kudumu ndani ya malisho ya pamoja inawadhuru wenye mifugo kuliko inavyomdhuru mwingine yeyote. Ukiiona inaanza, hata kama ni ya ndugu yako, mwambie mapema wakati bado ni mashimo ya msingi. Kumwambia akiwa ameshaezeka ni ugomvi.

Vivyo hivyo kwa njia za mifugo. Ukuta uliojengwa katikati ya njia unalazimisha kundi lipinde kupitia shambani. Wengi hapa Mbozi wanaishi kwa mahindi, maharage na kahawa, na mkahawa uliovunjwa matawi na ng'ombe unamrudisha mwenyewe nyuma kwa misimu kadhaa. Kabla hujapima msingi, tembea na wazee wa kitongoji pamoja na jirani zako wakulima, mwonyeshane njia ilipo na upana wake. Kijiji kikiweka alama za mawe au miti hai kando ya njia, mabishano yatapungua.

Na kama kijiji chenu hakina mpango wa matumizi ya ardhi? Dai uandaliwe. Wafugaji wajitokeze wakati wa kuuandaa, wake kwa waume, waseme mifugo hunywa wapi kiangazi na hupita wapi masika. Mpango uliochorwa na wakulima peke yao utawaacha mkitafuta pa kupita.

Mita za kukumbuka

Mita 30 kutoka katikati ya barabara, kila upande. Hicho ndicho kipimo cha hifadhi ya barabara kuu na za mkoa zinazosimamiwa na TANROADS, jumla mita 60. Zamani kilikuwa mita 22.5 kila upande, ndiyo maana wazee wanaweza kukutajia kipimo kidogo zaidi. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inayopita Mlowo, Vwawa na Tunduma iko katika kundi hilo. Umewahi kuona nyumba zenye alama ya X nyekundu ukutani kando ya barabara kubwa. Mwenye alama hiyo ametakiwa kuondoka bila kulipwa, kwa sababu jengo lilimfuata barabara. Aliyekuwepo kihalali kabla hifadhi haijapanuliwa huwekewa X ya kijani, nayo humaanisha anastahili fidia. Tofauti ya rangi hizo mbili huamuliwa na karatasi za mwenye nyumba. Barabara za wilaya na za vijijini ziko chini ya TARURA na hifadhi yake ni nyembamba zaidi. Vipimo waulize wao au ofisi ya kata.

Mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inakataza ndani ya umbali huo shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu chanzo cha maji. Mfugaji hupenda kujenga karibu na maji ili mifugo isitembee, nasi tunamwelewa. Lakini zizi ukingoni maana yake samadi na mkojo vinaingia mtoni kila mvua inaponyesha, na walio chini ya mkondo wanakunywa. Jenga juu, weka birika la kunyweshea mbali na kijito.

Mita 30 walau kati ya choo na kisima, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Shimo la samadi nalo lifuate kanuni hiyo. Zizi lenyewe liwe mahali palipoinuka kidogo pasipotuama maji, upande ambao upepo hautaleta harufu na nzi jikoni. Banda la ng'ombe wa maziwa ulielekeze mashariki-magharibi kwa urefu wake, ili jua la asubuhi na jioni lisiwapige ng'ombe ubavuni.

Nyaya za umeme zina hifadhi pia. Usisimamishe hata kibanda cha ndama chini yake bila kuwauliza TANESCO.

Lambo, josho na majengo ya biashara

Kuzuia maji ya kijito kwa tuta ili upate lambo si ujenzi wa mtu na watoto wake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutumia na kuhifadhi maji, kinachotolewa na bodi ya maji ya bonde husika. Sehemu kubwa ya Mbozi humwaga maji yake Bonde la Ziwa Rukwa. Sababu iko wazi: tuta lililojengwa vibaya likipasuka usiku wa masika, linasomba mashamba na watu. Kikundi kinachotaka lambo kianzie kwa mhandisi na afisa mifugo wa wilaya. Halmashauri huweza kusaidia usanifu, na mradi mkubwa hutakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kwanza.

Josho nalo ni la kijiji, na mahali pake huamuliwa mkutanoni. Liwe karibu na njia ya mifugo, kwenye mteremko mdogo, lenye uwanja wa kusubiria na sakafu ya kuchuruzishia dawa irudi ndani. Lisiwe karibu na mto. Dawa za kuogesha zinazoua kupe huua pia samaki na nyuki, na maji machafu ya josho yanahitaji shimo lake lililochimbwa mbali na visima. Fundi asiyejua josho hujenga bwawa la kuogelea. Tafuta michoro kwa afisa mifugo.

Kama unajenga chumba cha kukusanyia maziwa au kalo la kuchinjia, ardhi na ramani havitoshi. Afisa afya na daktari wa mifugo lazima wakague, na biashara yenyewe inaguswa na Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004 au Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006. Waite wakati wa kuchora. Kubomoa sakafu kwa sababu haina mfereji wa maji taka ni hasara ya kujitakia.

Miti na matofali

Boma la miti hula miti mingi kuliko mtu anavyokadiria, na tanuri la matofali hula zaidi. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inazuia kukata miti katika msitu wa hifadhi, uwe wa serikali au wa kijiji, bila kibali. Watu wamekamatwa na mikokoteni ya nguzo wakidhani ni mali ya Mungu. Panda miti ya uzio hai kuzunguka boma, ambayo baada ya miaka michache itakuwa ukuta usiooza. Kwa matofali, fikiria ya kufyatua kwa udongo na saruji kidogo, hayahitaji kuni.

Ukiuza ng'ombe ukajenge mjini

Wafugaji wengi sasa hununua kiwanja Tunduma, Mlowo au Vwawa ili wapangishe vyumba. Hapo taratibu ni ngumu zaidi, hasa kiwanja kilichopimwa. Utatakiwa kuonyesha uthibitisho wa umiliki, kujaza fomu ya maombi, kupeleka michoro ya nyumba iliyochorwa na mtaalamu, na kuonyesha kwamba kodi ya pango la ardhi imelipwa. Maombi hupitiwa na watu wa mipango miji, mhandisi na afisa afya. Ukiwa na jengo la ghorofa, utahitaji pia michoro ya uhandisi.

Kibali kinataja matumizi. Kiwanja cha makazi hakigeuzwi zizi la kunenepeshea ng'ombe wa mnadani, hata kama ni wako kwa hati. Wafanyabiashara wa mifugo wanaopitia Tunduma wajue hilo kabla hawajamwaga zege, kwa sababu majirani wa mjini hulalamikia harufu haraka sana.

Malipo na makaratasi

Ada ya kibali hupangwa na sheria ndogo za halmashauri, kwa hiyo hatuandiki kiasi hapa. Kiulize ofisini na uone kimeandikwa wapi. Malipo ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo utakayopewa, kupitia simu au benki, na risiti hutoka yenye namba hiyo. Fedha taslimu mkononi mwa mtu, bila risiti, haijaingia serikalini. Kama mtu wa ofisi anasita kukupa namba ya malipo, panda ngazi: kata, kisha wilaya.

Ukizuiwa kujenga, omba zuio kwa maandishi na sababu zake. Mgogoro wa ardhi ya kijiji huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao angalau watatu ni wanawake, nalo kazi yake ni kusuluhisha. Mkishindwa kuelewana lipo baraza la kata, na juu yake Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usiendelee kujenga usiku wakati shauri linasikilizwa. Ukuta ulioongezwa baada ya zuio humfanya hata aliyekuwa na haki aonekane mkorofi.

Siku barabara, njia ya umeme au mradi mwingine utakapopita kwako, mthamini atakuja kuhesabu ardhi, jengo, mazao na miti, pamoja na posho ya usumbufu na gharama za kuhama. Atauliza karatasi. Muhtasari wa kikao, hati ya kimila, risiti, kibali, karatasi ya mauziano: viweke pamoja ndani ya mfuko wa nailoni, kwenye sanduku la bati lisiloguswa na mchwa. Toa nakala moja uiache kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine, kwa sababu boma huungua.

Anza lini?

Mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Mkutano mkuu wa kijiji wa kawaida hukaa kila baada ya miezi mitatu. Anayetaka kuezeka kabla ya mvua apeleke maombi mara tu baada ya masika, mwezi Mei, ili yaingie kwenye mkutano unaofuata na siku 90 ziishe kabla ya Septemba. Ukipeleka Agosti, ruhusa itakukuta Novemba, matofali yako yakiwa nje yanalowa. Mwezi huo huo wa Mei mwite afisa mifugo wa kata aje kuona mahali pa zizi. Ukaguzi huo wa kwanza unafanyika kwa kutembea tu, na vigingi vinne na kamba vinatosha kuonyesha unachotaka kujenga.